Maswali ya Wasomaji: Kuhamisha Mkopo wa Nyumba Jina Likiwa CRB

Barua nyingi tulizopokea safari hii kutoka Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi zinahusu jambo moja: mtu ana mkopo wa nyumba, riba imepanda, malipo yamemlemea, na anapotaka kuhamia benki yenye masharti nafuu anakuta rekodi yake imechafuka katika CRB, yaani mashirika ya kumbukumbu za mikopo. Tumechagua barua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna maswali ya wengi.

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, mimi ni mwalimu wa shule ya upili na nyumba yangu iko Kiamunyi, Nakuru. Mwaka 2017 nilichukua mkopo wa Sh3,700,000 wa kulipa kwa miaka 20, riba ikiwa asilimia 14, nikawa nalipa takriban Sh46,000 kila mwezi. Leo riba ni asilimia 16.5, malipo yamefika Sh51,160, na deni lililobaki, pamoja na malimbikizo, ni kama Sh3,200,000. Mke wangu alipougua nilikosa kulipa kwa miezi minne, nikaorodheshwa CRB. Baadaye nililipa, lakini sasa nimerudi nyuma tena kwa awamu mbili, na kuna mkopo wa simu wa Sh2,300 ambao nilikuwa nimeusahau kabisa. Benki moja ya hapa mjini ilinitajia riba ya asilimia 13.5, kisha ikanikataa ilipoangalia rekodi yangu. Nifanyeje ili niuhamishe mkopo huu? — Mwalimu, Kiamunyi

JIBU: Mwalimu, pole kwa ugonjwa uliovuruga mipango ya nyumba yenu. Kuhamisha mkopo ukiwa na rekodi mbaya kunawezekana, lakini si wakati ambapo awamu mbili hazijalipwa, na benki itakayokubali kukupokea katika hali hiyo huenda ikakutoza riba itakayomeza nafuu yote unayoitafuta. Ushauri wangu ni kwamba uanze na benki inayokudai, utulize mkopo huo mahali ulipo, urekebishe rekodi yako kwa utaratibu, na ndipo ubishe hodi kwingine ukiwa na miezi kadhaa ya malipo yasiyokatika.

Nianze na CRB, kwa kuwa watu wengi huidhania kuwa orodha ya waliolaaniwa, ambayo mtu akishaingia hatoki. Nchini Kenya mashirika ya kumbukumbu za mikopo yenye leseni ya Benki Kuu ni matatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Mashirika haya hutunza historia yako yote ya mikopo, mizuri na mibaya, na benki huisoma historia hiyo na kuamua yenyewe. Hakuna sheria inayoikataza benki kumkopesha mtu mwenye doa, bali kila benki ina sera yake, na ndiyo maana mwombaji mmoja anaweza kukataliwa mlango huu na kusikilizwa mlango wa pili. Una haki ya kupata ripoti yako bila malipo mara moja kila mwaka, na nakuomba uichukue kutoka kwa mashirika yote matatu, kwa sababu si ajabu deni lililolipwa likaonyeshwa kuwa limelipwa katika ripoti moja na kubaki wazi katika nyingine.

Ukizipata ripoti hizo, zisome mstari kwa mstari. Tazama jina la kila mkopeshaji, kiasi, tarehe ya malipo ya mwisho na hali ya akaunti. Kanuni za mwaka 2020 ziliweka kiwango cha chini cha Sh1,000, kwa hiyo deni lililo chini ya hapo halipaswi kupelekwa kama taarifa mbaya, na mkopeshaji anatakiwa kukupa notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka taarifa ya aina hiyo. Ukikuta kosa, liandikie barua shirika husika ukiambatisha stakabadhi, nalo litalazimika kumuuliza mkopeshaji na kuonyesha katika kumbukumbu kwamba taarifa hiyo inabishaniwa. Mkopo wako wa simu wa Sh2,300 umepita kiwango hicho, kwa hiyo hauna kinga. Ulipe wiki hii, udai barua ya kuthibitisha kwamba umemaliza, kisha ufuatilie hadi ripoti ibadilike. Inanisikitisha kuona familia zikikosa nafuu ya maelfu ya shilingi kila mwezi kwa sababu ya deni la simu lisilofika bei ya gunia la mahindi.

Fahamu pia kwamba kulipa hakufuti historia. Kumbukumbu ya deni lililocheleweshwa hubaki kwa miaka mitano tangu siku lilipokamilishwa kulipwa. Kinachobadilika ni hali yake, kutoka deni lililo wazi hadi deni lililolipwa, na kwa afisa wa mikopo tofauti hiyo ni kubwa sana. Vilevile cheti cha CRB na ripoti ya CRB ni vitu viwili tofauti. Cheti huonyesha kwamba huna deni baya kwa sasa, ilhali benki inayotaka kukupa mkopo wa nyumba itasoma ripoti yenyewe, na jicho lake litaenda kwanza kwa jinsi ulivyoulipa mkopo wa nyumba ulio nao.

Hapo ndipo uzito wa jambo lako ulipo. Mkopo uliocheleweshwa kwa siku 90 huhesabiwa na benki kuwa mkopo usiolipika, na wewe sasa umechelewesha awamu mbili, ikibaki moja tu kabla ya kufika huko kwa mara ya pili. Usiingoje awamu ya tatu. Nenda kwenye tawi lako ukiwa na barua iliyoandikwa vizuri, hati zako za mshahara za miezi mitatu, nakala za bili za hospitali na mpango wa malipo unaoweza kuutimiza. Mpango wenye matumaini makubwa ambao utauvunja baada ya miezi miwili utakuharibia zaidi kuliko kukiri mapema kwamba uwezo wako ni mdogo.

Omba mambo mawili, na uyaombe kwa maandishi. La kwanza ni riba yenyewe kutazamwa upya. Mwaka 2017 ulipokopa, sheria ilikuwa ikizizuia benki kutoza zaidi ya pointi nne juu ya riba ya msingi ya Benki Kuu, ambayo ilikuwa asilimia 10, na ndiyo maana ulipata asilimia 14. Kizuizi hicho kiliondolewa Novemba 2019, kisha riba ya msingi ikapanda hadi asilimia 13 mnamo Februari 2024. Lakini Benki Kuu ilianza kuishusha Agosti 2024, na kufikia Aprili 2025 ilikuwa imerudi asilimia 10. Benki iliyokupandishia riba wakati wa kupanda inapaswa kukueleza kwa nini haijakushushia wakati wa kushuka. Hata wakikupunguzia pointi moja na nusu tu, utakuwa umepata nusu ya ulichokwenda kukitafuta kwa jirani, bila kulipa mwanasheria wala mthamini.

La pili ni kupangwa upya kwa mkopo, yaani awamu mbili ulizokosa zijumuishwe katika deni lililobaki, na ikibidi muda wa kulipa uongezwe kidogo. Waulize watairipoti vipi hatua hiyo kwa CRB, na uhakikishe kwamba barua ya makubaliano inakuruhusu kulipa zaidi ya kiasi cha mwezi bila adhabu pale utakapopata nafasi.

Huenda unaogopa kwamba ukijitokeza utakuwa umeuamsha mnada. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 haimruhusu mkopeshaji kurukia mnada. Chini ya kifungu cha 90, baada ya kuchelewa kwa mwezi mmoja, benki inaweza kukupa notisi ya maandishi, na notisi hiyo lazima ikupe angalau miezi mitatu ya kulipa. Ukishindwa, kifungu cha 96 kinadai notisi nyingine ya nia ya kuuza, isiyopungua siku 40. Dalali naye, kwa mujibu wa kanuni za madalali, hutoa notisi ya siku 45 za kukomboa mali kabla ya kuitangaza. Muda huu ni mrefu kuliko watu wanavyodhani, na kwa bahati mbaya wengi huutumia kwa kujificha na kutopokea simu. Kama bado hujapokea notisi ya kwanza, una nafasi nzuri ya kuzungumza. Kama umeipokea, hesabu tarehe zake leo hii na umwone mwanasheria.

Tuje kwenye hesabu ya kuhama, tukichukulia kwamba siku moja utakubaliwa kwa ile asilimia 13.5. Deni la Sh3,200,000 kwa miaka 12 iliyobaki litakugharimu takriban Sh44,980 kwa mwezi, yaani nafuu ya karibu Sh6,180. Kwa miaka yote 12, hiyo ni karibu Sh890,000, na si pesa ya kupuuzwa. Lakini kuhama kuna gharama zake: ada ya benki mpya ya kushughulikia mkopo, ada za wanasheria wa kuondoa rehani ya zamani na kuandikisha mpya, ada ya mthamini, ushuru wa stempu wa asilimia 0.1 ya kiasi kinachowekewa rehani, bima mpya, na pengine ada ya kumaliza mkopo wa zamani kabla ya wakati. Tuseme, kwa mfano, kwamba yote hayo yanafika Sh150,000. Utahitaji miaka miwili na kidogo kuzirudisha pesa hizo kwa nafuu ya Sh6,180 kwa mwezi, na faida yako itaanza baada ya hapo. Ukiwa na nia ya kuiuza nyumba kabla ya miaka miwili, usihame.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye muda. Afisa wa benki anaweza kukuambia kwamba, kwa kuwa rekodi yako ni dhaifu na mshahara wako umebanwa, atakurudisha kwenye miaka 20 ili malipo yashuke. Kwa asilimia 13.5 na miaka 20, utalipa kama Sh38,640 kwa mwezi, na utatoka pale ukishangilia kwamba umeokoa zaidi ya Sh12,000 kila mwezi. Zidisha sasa. Ukibaki ulipo, kwa riba ya juu ya asilimia 16.5, jumla ya malipo yako ya miaka 12 ni karibu Sh7,370,000. Ukichukua ile ya miaka 20, jumla ni karibu Sh9,270,000. Riba imeshuka, malipo ya mwezi yameshuka, na bado utalipa takriban Sh1,900,000 zaidi. Nimeona watu wenye elimu nzuri wakitia saini barua ya namna hii bila kuzidisha, kwa hiyo nakusihi uichukue kalamu wewe mwenyewe mbele ya afisa huyo. Isitoshe, mwalimu hustaafu akiwa na miaka 60, na benki haipendi mkopo unaoendelea baada ya mshahara kukoma, kwa hiyo huenda miaka hiyo 20 usiipate hata ukiitaka.

Kuna kizuizi kingine ambacho hakihusiani na CRB. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Tangu ulipokopa mwaka 2017 yameongezeka makato ya lazima, yakiwemo tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 na asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii iliyoanza Oktoba 2024, na michango ya NSSF nayo imepanda. Mshahara uliotosha wakati ule unaweza usitoshe leo hata kama umeongezwa. Ukiwa na mkopo wa SACCO unaokaribia kuisha, pengine ni bora uumalize kwanza, upate nafasi kwenye hati ya mshahara, kisha uombe kuhama.

Wasomaji kadhaa, pamoja nawe katika ukurasa wa pili wa barua yako, wameuliza kuhusu Kenya Mortgage Refinance Company, ambayo hufupishwa kuwa KMRC. Jina lake huwafanya watu waamini kwamba ni ofisi ya kumpunguzia mwenye nyumba riba. Kampuni hiyo, iliyopewa leseni na Benki Kuu mwaka 2020, hukopesha benki na SACCO ili ziwe na pesa za muda mrefu za kutoa mikopo ya nyumba kwa riba nafuu. Haipokei maombi ya mtu binafsi. Unachoweza kufanya ni kuuliza benki au SACCO yako kama ina mikopo inayotokana na pesa hizo na kama mkopo unaohamishwa unakubalika chini ya mpango huo.

Baada ya kuyapanga haya, lipa bila kuruka hata mwezi mmoja kwa angalau nusu mwaka, na mwaka mzima ukiweza. Ukirudi kwa ile benki ya asilimia 13.5, nenda na ripoti mpya za CRB, barua ya kumaliza mkopo wa simu, taarifa ya mkopo wa nyumba inayoonyesha malipo mfululizo, na barua fupi inayoeleza ugonjwa uliotokea, tarehe zake na jinsi ulivyokwisha. Afisa wa mikopo hutafuta kujua kama shida ile ilikuwa ya tukio au ya tabia, na karatasi za hospitali zinaweza kumjibu vizuri. Kitu kingine cha kukusaidia ni thamani ya nyumba yenyewe: kama mthamini ataikuta ina thamani kubwa kuliko deni, benki mpya itakuwa na hofu ndogo.

Na iwapo, baada ya hesabu zote, itaonekana kwamba huwezi kulipa hata kiasi kilichopunguzwa, fikiria kuiuza nyumba wewe mwenyewe kwa idhini ya benki. Hili ni gumu kulisoma. Hata hivyo, sheria inampa mwenye mali haki ya kulipa deni na kuikomboa mali yake hadi pale mkataba wa mauzo unapofungwa, na bei anayoitafuta mwenye nyumba kwa utulivu mara nyingi ni nzuri kuliko ya mnada. Kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi kinamtaka mkopeshaji atafute bei bora inayoweza kupatikana, na mahakama huwa na shaka bei ikiwa chini ya bei ya soko kwa robo au zaidi. Lakini kesi ya baada ya mnada ni ndefu na ghali, na haiwarudishi watoto chumbani mwao wakati inasikilizwa.

SWALI: Ndugu Mshauri, nina duka la vifaa vya ujenzi Mamboleo, Kisumu, na nyumba yangu ina mkopo. Nimeorodheshwa CRB. Kijana mmoja ameniambia ana mtu wake ndani na nikimpa Sh15,000, nakala ya kitambulisho na namba ya siri ya simu, jina langu litafutwa kwa siku tatu nipate kuhamisha mkopo. Nimpe? — Mfanyabiashara, Mamboleo

JIBU: Usimpe pesa, kitambulisho wala namba ya siri. Taarifa iliyo CRB hubadilishwa na mkopeshaji aliyeipeleka, au na shirika lenyewe baada ya kuchunguza malalamiko yako, na malalamiko hayo unaweza kuyapeleka mwenyewe. Mtu anayetaka namba yako ya siri anakusudia kukopa kwa jina lako, na utabaki na doa jipya juu ya lile la zamani. Kama mkopeshaji amelipwa na amekataa kusahihisha rekodi, mwandikie barua rasmi, kisha uipeleke Benki Kuu, ambayo ina tawi hapo Kisumu mjini.

Kwako wewe uliyejiajiri, kikwazo cha pili ni kuthibitisha kipato. Benki itataka taarifa za akaunti za miezi 12 kwa kawaida, marejesho ya kodi ya KRA na taarifa za malipo yanayopitia simu. Ukiwa unauza kwa pesa taslimu bila kuzipeleka benki, duka lako linaweza kuwa linafanya vizuri na karatasi zikaonyesha kwamba halifanyi kitu. Anza mwezi huu kupitisha mauzo yote kwenye akaunti moja.

SWALI: Mshauri, mimi ni muuguzi Kakamega. Nina malimbikizo ya Sh240,000 kwenye mkopo wa nyumba na benki imekataa kunipangia upya hadi nilipe hayo kwanza. SACCO yangu iko tayari kunikopesha kwa asilimia moja kwa mwezi nikileta wadhamini watatu, ambao ni wauguzi wenzangu. Je, nikope huku nilipe kule? — Muuguzi, Kakamega

JIBU: Jibu langu linategemea jambo moja ambalo hukulitaja: ni nini kilichokufanya uchelewe, na je, kimekwisha? Kama ulichelewa kwa sababu ya gharama ya mara moja, kama mazishi, karo ya mtoto aliyemaliza chuo au mshahara uliokwama na baadaye ukalipwa, basi mkopo wa SACCO ni njia ya heshima ya kuziba pengo. Sh240,000 kwa asilimia moja kwa mwezi kwenye salio linalopungua, kwa miezi 36, zitakugharimu takriban Sh7,970 kila mwezi. Zijumlishe na malipo ya nyumba, uone kama theluthi ya mshahara wako itasalia. Kabla SACCO haijatoa hata shilingi, pata ahadi ya benki kwa maandishi kwamba malimbikizo yakilipwa mkopo utapangwa upya, riba yake itakuwa kiasi gani, na tozo za adhabu zitasimama lini.

Kama sababu bado ipo, yaani mshahara wako hauwezi kuyabeba malipo ya nyumba hata mwezi wa kawaida, usikope. Utakuwa umeongeza Sh7,970 juu ya mzigo uliokushinda, na safari hii watakaoumia ni wenzako. Ukishindwa kulipa, SACCO itazigusa akiba za wadhamini wako, watu mnaokutana nao wodini kila siku, na wao pia wana watoto na nyumba. Kwa hali hiyo ni afadhali uirudie benki na kudai muda wa kulipa urefushwe, au uikodishe nyumba na kuhamia penye kodi ndogo kwa mwaka mmoja au miwili, kodi ya mpangaji ikisaidia kulipa awamu.

Jambo moja zaidi la kukulinda: ikiwa mkopo wako umekwisha kuhesabiwa kuwa usiolipika, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka kikomo kwa riba inayoweza kuongezwa. Riba inayolimbikizwa tangu hapo haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwepo siku mkopo ulipoingia katika hali hiyo. Omba taarifa kamili ya mkopo tangu mwanzo na umpe mhasibu aipitie, kwa maana makosa ya hesabu hutokea.

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, mume wangu anataka kuhamisha mkopo wa nyumba yetu ya Bungoma kwenda benki nyingine na kuongeza Sh1,500,000 juu ili alipe madeni yake mengine, ambayo yamemfanya aorodheshwe CRB. Ameniletea karatasi ya ridhaa nitie saini. Hatimiliki ina jina lake pekee. Nina haki ya kuuliza maswali? — Mama wa watoto watatu, Bungoma

JIBU: Mama, unayo haki kamili, na saini yako ina nguvu. Kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi kinasema rehani juu ya nyumba ya ndoa haina uhalali kama mwenzi hakutia saini au kuridhia, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inakulinda vivyo hivyo, hata hatimiliki ikiwa na jina la mumeo peke yake. Kwa sababu hiyo benki haiwezi kuendelea bila wewe. Mwombe mume wako mkae pamoja na karatasi zote mezani, kwa upole na bila kulaumiana, kwa sababu inawezekana kabisa kwamba anajaribu kuiokoa familia.

Mpango wenyewe ninauonea wasiwasi. Madeni anayotaka kuyalipa, ikiwa ni ya simu, ya duka au ya marafiki, hayana dhamana ya nyumba. Aliyemkopesha anaweza kumsumbua na kumpeleka mahakamani, lakini hana rehani juu ya paa lenu. Mkiyahamishia madeni hayo kwenye mkopo wa nyumba, mtakuwa mmeyapa dhamana ambayo hayakuwa nayo, na deni dogo la miaka miwili litageuka kuwa deni la miaka 15. Kuna hali ambapo hili lina maana, hasa pale riba za madeni ya nje ni kubwa mno na mume amekwisha kuacha kukopa. Taka kuona orodha ya kila deni, kiasi na riba yake. Taka pia benki mpya iwalipe wadai moja kwa moja badala ya kuziweka Sh1,500,000 kwenye akaunti yake, na mkubaliane kuhusu jinsi mikopo ya simu itakavyozuiwa baadaye.

Usitie saini siku ileile unayoletewa karatasi. Mtafute mwanasheria ambaye si wa benki wala wa mumeo, akueleze kwa lugha unayoielewa kiasi kamili kinachowekewa rehani, kwani baadhi ya hati huruhusu kiasi hicho kiongezwe siku za usoni. Ukiridhia, baki na nakala ya hati uliyosaini na uipe benki anwani na namba yako mwenyewe ya simu. Sheria inataka mwenzi aliyetoa ridhaa apewe nakala ya notisi ya nia ya kuuza, na notisi hiyo itakufikia tu ikiwa benki inajua mahali pa kukupata.